Bi. Rwamba Gichovi, Aliyeufunza Mtambo Adabu

Jumanne, tarehe 30 Novemba 1999, Bi. Rwamba Gichovi atafunga kabati lake la chuma katika Kituo cha Ramani na Takwimu za Maji hapa Nchiru na kurudisha ufunguo stoo. Atakuwa ametumikia idara hii kwa miaka thelathini na miezi tisa kasoro siku mbili. Siku hizo mbili amezikokotoa mwenyewe. Alipoona rasimu ya programu ya sherehe imeandikwa "zaidi ya miaka thelathini", alichukua kalamu nyekundu na kuisahihisha kabla hatujamwambia kwamba hakupaswa kuiona.

Mkuu wa kituo aliniomba mimi, Kinyua, niandike wasifu huu. Nilijivuna kidogo, nikidhani ni kwa ajili ya Kiswahili changu. Akanieleza kwamba ni kwa sababu, katika wafanyakazi wote, mimi ndiye niliyemkosea Bi. Rwamba kosa kubwa zaidi na kwa hiyo ndiye mwenye mengi ya kusimulia. Sikubisha. Mwenye kosa ni mimi, na programu imeshapigwa chapa.

Bi. Rwamba alizaliwa mwaka 1944 katika nyanda kavu za Mbeere, upande wa Kiambere. Baba yake, Mzee Gichovi, alikuwa msoma vipimo wa mto Kaningo, ule mto wa msimu ambao miezi minane ya mwaka ni mchanga mtupu, na ikifika mvua hujaa kwa siku moja na kukimbilia Tana. Ubao wa kipimo ulikuwa umefungwa chini ya jabali. Mzee alishuka hadi kwenye ubao, na binti yake akabaki juu na daftari lisije likalowa. Maji yalipovuma hakuna sauti iliyosikika, basi baba na binti wakawa wanaongea kwa mikono. Kiganja kikipandishwa, maji yanapanda. Kikiteremshwa, yanapungua. Ngumi iliyofungwa ni tano. Viganja viwili vikikutana, mto umetulia na watu waende wakale.

Miguu ya mzee ilipochoka, idara ikamwajiri binti. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1969. Kwa miaka kumi na minne Bi. Rwamba alishuka kwenye jabali lile asubuhi na jioni. Mwaka 1983 alihamishiwa ofisi ya Embu kunakili madaftari ya mito yote ya ukanda huu, na mwaka 1991 akaletwa hapa Nchiru kuyaingiza kwenye kompyuta. Alichapa kwa vidole viwili, polepole, na mpaka leo hakuna aliyewahi kupata kosa katika takwimu alizoingiza. Wapo waliojaribu kulitafuta, nami nilikuwa miongoni mwao.

Kompyuta yake aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama watu wanavyofunika redio nyumbani. Fundi alipokuja na kusema kwamba kitambaa kinaipa mashine joto, Bi. Rwamba alikitoa bila ubishi akakitandika kwenye kiti cha fundi. Tangu siku hiyo fundi akawa anafika kituoni hata kama hakuna kilichoharibika. Sisi vijana tulimwita Mama Njura, kwa jina la binti yake wa kwanza, na ndengu alizotupikia kila Ijumaa ziliwafanya hata wale wa ofisi ya jirani wakumbuke ghafla kwamba wana barua za kutuletea.

Sasa nije kwenye mtambo.

Mwaka 1996 chuo kimoja cha ng'ambo kilituazima vifaa ambavyo hatukuwahi kuviona: kompyuta kubwa ya kijivu, kofia nzito yenye vioo viwili mbele ya macho, na glavu nyeusi iliyojaa nyaya. Ukivaa kofia hiyo, ukuta wa ofisi unatoweka. Unajikuta umesimama ndani ya bonde lililochorwa na takwimu: mvua ya miaka arobaini imekuwa vilima, mito imekuwa utepe wa buluu, na kila unakogeuza uso bonde nalo linageuka. Wataalamu waliuita uhalisia pepe. Sisi tuliita kuingia ndani. Gatwiri, mchoraji wetu, ndiye aliyelipaka bonde rangi, na kazi yangu ilikuwa kuamua mtu aliyeingia ndani ataongea vipi na bonde hilo bila kibodi, kwa macho na mikono peke yake. Kamera ndogo ndani ya kofia ilifuata mboni za macho, na glavu ilijua kila kidole kimekunjwa kiasi gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kitabu cha maelekezo. Kitabu kilisema: ukitaka kuchagua kitu, kitazame kwa sekunde mbili au kielekeze kidole. Ukitaka kukishika, funga ngumi. Nikayafuata maneno hayo neno kwa neno.

Mtu wa kwanza kujaribu alikuwa Bi. Rwamba, Januari 1997. Nilimwomba aniambie kimo cha maji kwenye ubao. Kilikuwa tano, naye kwa mazoea ya miaka yote akafunga ngumi na kuinua mkono. Mtambo ukaelewa kwamba amelishika bonde. Ukang'oa Mbeere yote na kuipitisha juu ya kichwa chake, na mto Tana nyuma yake. Bi. Rwamba alivua kofia taratibu, akaiweka mezani, akauliza kama ndivyo nilivyolelewa nyumbani. Tulicheka mpaka Gatwiri akakaa chini. Kisha nikaandika kwenye daftari langu la utafiti: mtumiaji anahitaji mafunzo. Daftari hilo bado ninalo, na ukurasa huo unanitia aibu mpaka leo.

Katikati ya mwaka huo watabiri wa hali ya hewa wakaanza kuonya kwamba mvua za mwisho wa mwaka zitakuwa kubwa kupita kiasi. Tulipoingiza onyo hilo kwenye takwimu za Kaningo, maji yalifunika nyumba zote za chini bondeni. Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya Njura, binti yake Mama Njura. Alikuwa na mimba changa, na alikuwa na watoto wengine wadogo.

Mtu atauliza kwa nini mama hakumwambia tu mwanawe ahame. Atakayeuliza hivyo hajaoza binti Mbeere. Mwenyekiti wa wazee wa bonde alikuwa Mzee Njue, baba mkwe wa Njura. Mke wa mwana hahami kabla ya baba mkwe kusema. Na baina ya mama wa binti na baba wa kijana kuna heshima inayokaribia woga: hawabishani, hawakatizani maneno, hawakaziani macho. Bi. Rwamba hangeweza kusimama mbele ya watu na kumwambia Mzee Njue kwamba amekosea. Angeliaibisha boma lake na la mwanawe kwa siku moja. Na Mzee Njue alikuwa ameshasema kwamba hawahami. Ramani zetu za karatasi alizitazama juu na chini akazirudisha, kwa kuwa wapo watu huko nyuma waliowahi kuonyeshwa karatasi kama hizo wakahamishwa, na hawajasahau. Mvua ya kuogopa ameiona mwaka wa sitini na moja, alisema, na bado yupo.

Tumaini letu likawa mtambo. Jumatano, tarehe 10 Septemba, tuliupakia kwenye Landrova pamoja na jenereta, tukateremka hadi Shule ya Msingi Kaningo. Wazee walikaa kwenye madawati ya darasa la tatu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri mno. Kila boma lilikuwa duara, na ndani yake kila mtu alikuwa nukta ndogo inayong'aa, wakubwa nyekundu, watoto njano. Ukielekeza kidole kwenye boma, nukta zinawaka moja moja na jumla inatokea juu yake. Mzee Njue akavaa kofia na glavu, na mbele yake maji yakaanza kupanda yenyewe kuelekea nyumba za chini. Nikamwelekeza kwa sauti ya mwalimu: mzee, nyoosha kidole kwenye nyumba ya mwanao, uone kuna watu wangapi ndani.

Mkono wake uliganda hewani. Akavua glavu kidole kwa kidole, akavua kofia, akavaa kofia yake mwenyewe. "Sisi tunaenda kunywesha ng'ombe," akasema. Darasa likabaki tupu, na jenereta inanguruma nje.

Tulipokuwa tunapandisha kilima, nikawa naeleza kwamba teknolojia inawatisha watu wa mashambani. Bi. Rwamba alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka. "Wewe Kinyua, nyinyi watu ya Mikinduri mmesahau haraka hivyo? Umeambia mzee ahesabu wajukuu yake na kidole. Alafu umemwonyesha maji inawafunika. Unadhani ameona nini?"

Mimi ni Mmeru wa Mikinduri. Nyanya yangu alinichapa mkono nikiwa na miaka mitano kwa kuwahesabu watoto wa shangazi kwa kidole, na nikajua tangu siku hiyo kwamba watu na mbuzi hawahesabiwi hivyo wasije wakapungua, mtu huwatazama tu akajua wametimia. Nilijua, na sikujua kwamba nukta zile ni watu. Nilizichora nikiwa Nchiru na kitabu mapajani, zikawa takwimu. Na sasa mzee amelaaniwa machoni pake na mashine yangu, mbele ya wenzake, na mama wa Njura amelazimika kukaa na kutazama. Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona kabla wala baada.

Vifaa vilitakiwa kurudi kwa wenyewe tarehe 10 Oktoba. Tulikuwa na majuma manne na ushei. Bi. Rwamba angeweza kunisusa, na haki angekuwa nayo. Badala yake, asubuhi iliyofuata alifika kabla yangu, akavuta kiti karibu na mtambo, akavaa glavu. Alisema tuanze na macho.

Kosa la kwanza, alisema, ni zile sekunde mbili. Kila alichokitazama kilifunguka. Msoma mto hutazama muda mrefu, huanzia mbali, hurudi, hutulia, na mtambo ulikuwa unamkatiza kila mara kama mtoto asiye na subira. "Mimi nikiangalia mto, sijasema kitu. Bado naangalia." Tukaondoa sekunde zile. Jicho likawa na kazi moja, kuonyesha mtu anapendezwa na nini: palipotua, pakapata mwanga hafifu, basi. Kitu hakikufunguka mpaka mkono ukubali. Na mkono ulikubali kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayepokea kikombe cha uji. Kidole cha kunyoosha tukakitoa kabisa. Ngumi tukairudishia kazi yake ya kuwa tano.

Nukta nazo zikaondoka. Bi. Rwamba alikaa na Gatwiri wakazichora upya: ghala, zizi, miti, na moshi mwembamba juu ya jiko. Moshi ukiwepo, kuna watu, na hilo latosha. Hakuna idadi iliyotokea popote.

Lakini jambo kubwa lilikuwa maji. Kwenye mpango wangu maji yalipanda yenyewe, kwa kasi niliyoipanga mimi. Bi. Rwamba alikataa. Alisema maji lazima yapandishwe na mkono wa anayetazama, kiganja juu, polepole, na yasimame mkono unaposimama. Sikuelewa haraka. Nilidhani ni kumbukumbu ya baba yake tu. Ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa pia njia ya mama aliyezuiwa kusema. Alikuwa akitafuta namna ya kumpa Mzee Njue mto mkononi, auone mwenyewe, bila yeye, mkwe wake, kufungua kinywa.

Kurudi Kaningo hakukuwa rahisi. Bi. Rwamba alituma ujumbe kwa njia ya wazee wa upande wake, kama desturi inavyotaka, kwamba kijana wa Mikinduri amekiri kosa na anaomba kuja kulisema. Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, nilisimama mbele ya madawati yale nikasema, kwa Kiswahili na tena kwa Kimeru changu, kwamba nilikosa adabu. Wazee walinitazama vya kutosha. Mmoja aliniuliza mimi ni mjukuu wa nani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema nyanya yangu hakustahili aibu hiyo.

Mzee Njue alivaa kofia. Bi. Rwamba alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, uso ameuelekeza uani. Hakuna aliyemwelekeza mzee chochote isipokuwa mambo mawili: tazama unavyotaka, na ukitaka maji yapande, yapandishe.

Alitazama kwa muda mrefu. Tuliona kwenye skrini mahali macho yake yalipopita: zizi lake, njia ya mtoni, shamba la mtama, ghala la mwanawe, moshi wa jiko la Njura. Kisha akafungua kiganja na kuanza kukiinua. Utepe wa buluu ukavimba, ukaingia shambani. Akaendelea. Ulipofika kwenye alama tuliyoichora katika mwamba mweupe nyuma ya shule, mkono ukasimama wenyewe.

"Hapa ndio maji ilifika sitini na moja. Nani aliambia hii mashine?"

Nilimjibu kwamba ni daftari la Mzee Gichovi, la mwaka huo huo, siku hiyo hiyo, lililoandikwa na binti yake akiwa juu ya jabali. Nikamweleza kwamba mvua inayotabiriwa inazidi ile, na kwamba akipenda anaweza kuendelea kupandisha. Aliendelea kupandisha, kimo cha kidole kimoja baada ya kingine, akipumua kwa nguvu. Mwanga hafifu wa macho yake ulikuwa haubanduki kwenye ule moshi wa chini. Maji yakafika kwenye jiko la Njura na moshi ukazimika. Akaurudisha mkono chini upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, na maji yakashuka nao.

Akavua kofia. Akafuta uso kwa kiganja kile kile. "Basi tuhame," akasema. "Mimi ndio nitaanza. Kesho nang'oa hiyo boma yangu." Bi. Rwamba alikuwa bado anatazama uani, ila nilimwona amekamata fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Kwa siku nane watu wa bonde walibeba mabati, nguzo, kuku na magunia hadi kwenye mteremko wa juu. Sisi tulichelewesha kurudisha vifaa, kwa sababu Landrova ilikuwa imebeba ghala la watu. Mvua ilianza kabla ya Oktoba kwisha. Katika juma la pili la Novemba Kaningo ulipita nyuma ya shule, ukafunika mwamba mweupe na kuendelea. Ulichukua kuta za udongo zilizokuwa tupu, miembe na daraja la waenda kwa miguu. Ubao wa kipimo wa Mzee Gichovi nao ulikwenda. Bi. Rwamba alisafiri mwenyewe kwenda kuusimika mwingine maji yalipotulia, na akanituma nimshikie daftari.

Yaliyofuata mnayajua. Ishara zake kumi na moja zilichapishwa katika kijitabu cha kituo mwaka 1998, jina lake likiwa la kwanza na langu la tatu. Wale wenye vifaa walizipokea, wakatuandikia kwamba kanuni ya jicho kuchagua na kiganja kukubali imewaponya watumiaji wao maumivu ya kichwa. Waliturudishia kofia, safari hii nyepesi, na tukaipeleka hadi soko la Mikinduri kuwaonyesha wakulima wa miraa takwimu za ukame. Mama mmoja alipandisha mvua kwa kiganja mpaka ikafurika, akaondoka akitamba kwamba yeye ndiye aliyeileta. Juma lile lile ikanyesha. Sasa hivi tukipita Mikinduri hatusalimiwi sisi, anaulizwa Mama Njura.

Asante kwa kazi hiyo yote, Bi. Rwamba. Asante kwa madaftari yasiyo na kosa, kwa ndengu, na kwa kutonisusa asubuhi ile. Umenifundisha kazi, na umenifundisha kuona haya, na sijui ni lipi lililokuwa gumu zaidi.

Jambo moja la mwisho, nalo sijaomba ruhusa yake kuliandika. Machi 1998 ilifika barua hapa kituoni kutoka Kaningo ya juu, imekunjwa mara nne, mwandiko wa Mzee Njue. Hakuwahi kumwandikia mkwe wake kabla ya hapo. Barua ilisema Njura amejifungua salama mtoto wa kike. Kwa kuwa ni binti wa pili, jina ni la mama yake mama, kama ilivyo desturi, naye mzee ameona alitamke mwenyewe badala ya kutuma watu: mtoto anaitwa Rwamba. Mama Njura aliisoma amesimama. Akaenda nje kwenye tangi la maji, akalia kwa sauti, na sisi tulioajiriwa kupima kila kitu tukainamisha vichwa tukamwacha.

Rwamba huyo sasa ana mwaka mmoja na miezi tisa. Ameanza kukimbia, na wanasema hashikiki. Nenda ukamlee, Mama Njura. Mungu akupe miaka mingi ya kumwona akikua, afya ya miguu, na mvua ya kiasi.